Nani Yuko Zamu Nyumbani Kwako?

Akina mama wenzangu, liko swali moja ambalo kila mmoja wetu amewahi kulisikia. Kijana akiacha shule, huulizwa. Binti akipata mimba angali mwanafunzi, huulizwa. Hata mtoto mdogo akimwagikiwa na uji wa moto, watu hutikisa vichwa na kuulizana: "Kwani mama yake alikuwa wapi?"

Swali hilo liliulizwa sana mtaani kwetu wakati kijana mmoja wa darasa la saba alipotoroka nyumbani. Alipatikana baada ya siku nne, amelala katika kibanda kwenye stendi ya mabasi. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba vijana wakubwa walikuwa wakimvizia njiani, wakimpiga na kumnyang'anya hela za daftari. Je, hakumwambia mtu yeyote? Alisema alimwambia mama yake mara mbili, usiku, lakini mama alikuwa amechoka na hakumwelewa.

Mama huyo namfahamu. Huamka saa 10 alfajiri ili awahi samaki mnadani. Jioni hurudi, hupika, huogesha wadogo, hufua, na ndiye wa mwisho kulala. Tulipokwenda kumwona na kuomba pamoja naye, baadhi ya wageni walimlaumu papo hapo, mbele ya watoto wake. Sikumsikia hata mmoja akiuliza baba alikuwa wapi, au shangazi, au mwalimu.

Siku ile nilikumbuka kisa cha kijana mmoja Mwingereza, opereta wa simu ya upepo melini, ambaye naye jina lake limetajwa miaka mingi kwa sababu alilala. Kisa hicho kimo katika historia ya mwanzo ya redio. Napenda kuwasimulia, kwa kuwa naamini watu wa bahari wa mwaka 1912 walitambua jambo ambalo nyumba zetu nyingi bado hazijalitambua.

MAMA ALIYEMTIA MOYO MWANAWE

Kwanza tuone redio ilivyoanza. Mwaka 1888 mwanasayansi wa Ujerumani, Heinrich Hertz, alithibitisha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana, nayo husafiri bila waya wowote. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 36 tu. Wakati huo huo nchini Italia kijana wa miaka 20, Guglielmo Marconi, alianza kujiuliza: Je, mawimbi hayo hayawezi kubeba ujumbe?

Alifanya majaribio yake darini, katika nyumba ya wazazi wake karibu na mji wa Bologna. Hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Inasimuliwa kwamba baba yake, Giuseppe, aliyekuwa mwenye mashamba, aliona kijana anapoteza muda na fedha. Lakini mama yake, Annie Jameson, mwanamke kutoka Ireland, alimsikiliza na kumtia moyo. Mwaka 1895 Marconi alitaka kujua kama ishara zake zinaweza kupita kilima. Kaka yake, Alfonso, alikwenda ng'ambo ya kilima na mtambo wa kupokelea, huku amebeba bunduki. Mlio wa bunduki uliposikika, nyumbani walijua kwamba ishara imefika.

Mwaka 1896 mama huyo alifunga safari pamoja na mwanawe hadi London. Huko ndugu wa upande wa mama, mhandisi Henry Jameson Davis, aliwasaidia kuwafikia watu wenye uwezo, na mwaka 1897 kampuni ikaanzishwa. Mwezi wa Desemba 1901 Marconi alitangaza kwamba ameisikia herufi S, yaani nukta tatu tu, kutoka Uingereza hadi kisiwa cha Newfoundland, zaidi ya kilomita 3,000 kuvuka bahari ya Atlantiki. Mwaka 1909 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ferdinand Braun wa Ujerumani. Yote hayo yalianza kwa mama aliyekubali kusikiliza mambo ya ajabu ya kijana wake.

Simu hiyo ya mwanzo haikuwa na sauti ya mtu. Opereta alibonyeza ufunguo, cheche ikaruka, na mwenzake wa mbali akasikia mlio mfupi au mrefu, nukta au kistari. Alivaa vidude vya kusikilizia masikioni, penseli mkononi, akaandika herufi moja moja. Nawaomba mlishike jambo hili: mawimbi hayakumsubiri mtu. Hakukuwa na kinasa sauti. Ujumbe uliopita wakati mpokeaji amevua vidude vyake masikioni ulipotea kabisa, kana kwamba haukutumwa.

USIKU WA APRILI 14, 1912

Meli ya Titanic ilikuwa katika safari yake ya kwanza kutoka Uingereza kwenda New York, ikiwa na watu zaidi ya 2,200. Katika chumba cha simu walikuwamo maopereta wawili, Jack Phillips na msaidizi wake, Harold Bride. Mitambo yao ilikuwa imeharibika na wakaitengeneza. Hivyo usiku huo Phillips alikuwa na rundo la salamu za abiria zilizochelewa, na alikuwa akizituma kwa haraka kwenye kituo cha nchi kavu cha Cape Race.

Si mbali sana na hapo ilikuwapo meli nyingine, Californian. Hiyo ilikuwa imesimama kwa sababu ya barafu iliyotanda baharini. Ilikuwa na opereta mmoja tu, Cyril Evans, kijana wa miaka 20. Yapata saa 5 usiku Evans aliita Titanic ili kuwaambia kwamba wao wamesimama na barafu imewazunguka. Kwa kuwa meli zilikuwa karibu, mlio wake uliingia kwa nguvu mno masikioni mwa Phillips na kuyafunika mawasiliano yake na Cape Race. Phillips akamjibu kwa ukali anyamaze, kwani yuko kazini.

Evans alinyamaza. Aliendelea kusikiliza kwa muda, kisha yapata saa 5 na nusu akafunga mitambo na kwenda kulala. Alikuwa kazini tangu asubuhi, peke yake, bila mtu wa kumpokea. Saa 5:40 Titanic iligonga mlima wa barafu.

Dakika chache baada ya saa 6 usiku Phillips alianza kuomba msaada. Evans alikuwa usingizini. Lakini katika meli ya tatu, Carpathia, iliyokuwa umbali wa maili 58 za baharini, alikuwapo opereta mwingine aliyekuwa peke yake, Harold Cottam, mwenye miaka 21. Naye alikuwa amechoka na alikuwa akivua nguo ili alale. Vidude vya masikioni alikuwa bado hajavivua, kwa sababu alikuwa akingojea jibu la ujumbe mwingine. Akaona awaarifu Titanic kwamba kuna salamu zao zinazongoja kituo cha Cape Cod. Jibu alilopata lilikuwa kwamba meli imegonga barafu, njooni upesi.

Nahodha wa Carpathia, Arthur Rostron, aligeuza meli mara moja. Titanic ilizama saa 8:20 usiku. Carpathia ilifika yapata saa 10 alfajiri na kuwaokoa watu zaidi ya 700 waliokuwa katika mashua. Wapatao 1,500 walikufa, na Phillips ni mmoja wao. Aliendelea kutuma ujumbe hata baada ya nahodha wake kumwambia kwamba kazi yake imekwisha na ajiokoe.

Dada zangu, hebu tuwatazame hawa vijana wawili, Evans na Cottam. Umri wao ni karibu sawa. Kazi yao ni moja na uchovu wao ni mmoja. Kama Cottam angelala robo saa mapema, watu wale mashuani wangengoja baridini saa nyingi zaidi. Hatuwezi kusema kwamba mmoja alikuwa mwema na mwingine mzembe. Mmoja alibahatika kuwa bado na vidude masikioni, basi.

Tena kuna jambo ambalo huniumiza zaidi. Usiku ule maofisa waliokuwa zamu juu ya Californian waliona fataki nyeupe zikirushwa angani kwa mbali. Walimwarifu nahodha wao. Walijaribu kuita kwa taa. Lakini hakuna aliyeshuka kumwamsha Evans ili awashe mitambo yake na kuuliza kuna nini. Aliamshwa alfajiri, na ndipo habari ilipopatikana, wakati Titanic ilikuwa imekwisha kuzama. Mpaka leo watu wanabishana juu ya umbali uliokuwapo kati ya meli hizo mbili, na kama Californian ingeweza kufika kwa wakati.

HAWAKUTAFUTA MTU ASIYELALA

Uchunguzi ulifanyika Marekani na Uingereza. Hapo ndipo napenda busara ya watu wale. Wangeweza kusema, "Tuajiri vijana wenye bidii zaidi." Wangeweza kuandika barua ya kuwaonya maopereta wote wasisinzie. Badala yake waliuona ukweli ulio wazi: binadamu mmoja hawezi kusikiliza usiku na mchana. Mwezi wa Julai 1912 Marekani ilipitisha sheria kwamba meli za abiria ziwe na maopereta wasiopungua wawili, ili masikio yawepo mitamboni saa zote. Mwezi wa Januari 1914 wajumbe wa nchi mbalimbali walitia sahihi mjini London mkataba wa usalama wa maisha baharini, nao ulidai vivyo hivyo usikilizaji usiokatika. Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga utekelezaji wake, lakini msingi ulikuwa umewekwa.

Baadaye ikatengenezwa kengele iliyojilia yenyewe ilipopokea ishara maalumu ya hatari, ili opereta aliyelala aamshwe. Pia ukawekwa utaratibu wa kimya. Mara mbili katika kila saa, kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18, na ya 45 hadi ya 48, vituo vyote vilivyotumia masafa yale ya bahari vilipaswa kuacha kutuma. Saa ya ukutani katika chumba cha redio ilikuwa na vipande viwili vilivyopakwa rangi nyekundu. Mshale ulipoingia penye wekundu, maopereta walinyamaza na kusikiliza kama yuko mtu anayeita kwa sauti dhaifu. Mambo ya nukta na vistari yaliachwa baharini Februari 1999, mitambo ya satelaiti na ya kujiendesha ilipochukua nafasi yake kikamilifu. Lakini kwa miaka mingi kimya kile kilikuwa sheria ya bahari.

Musa naye alifundishwa jambo hilo hilo na baba mkwe wake, Yethro. Tunasoma katika Kutoka sura ya 18 jinsi Yethro alivyomwona Musa akiketi kusikiliza mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni. Hakumsifu kwa kujitoa mhanga. Alimwambia waziwazi kwamba anajichosha yeye pamoja na watu wake, akamwagiza achague wengine washiriki mzigo. Nasi tunao usemi wetu, mkono mmoja haulei mwana. Tunausema kwenye harusi, lakini siku kijana anapotoroka tunauliza ule mkono mmoja ulikuwa wapi.

ZAMU KATIKA NYUMBA YETU

Baada ya mambo ya yule kijana wa mtaani, nilizungumza na mume wangu. Nilimwambia, "Baba Neema, naomba kila siku baada ya chakula cha jioni ukae na watoto nusu saa. Mimi nitakuwa naosha vyombo au nimepumzika."

Akacheka. "Mimi nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu. Wasikilize wao."

Siku za kwanza watoto walimwogopa. Walizoea kwamba baba akikaa sebuleni ni taarifa ya habari, na kila mtu kimya. Lakini polepole walifunguka. Wiki ya tatu alinijia jikoni, amesimama mlangoni. "Mama Neema, unajua kwamba Yohana haoni ubaoni? Anasema anaandika kwa kumtazamia mwenzake." Tulimpeleka hospitali ya wilaya, akapimwa, akapata miwani. Mtoto huyo nilikuwa namwona kila siku, na mwalimu alikuwa akimwona kila siku. Ilihitajika jozi nyingine ya masikio ili habari ile ipatikane, kwa maana watoto nao huchagua nani wa kumwambia nini.

Najua wapo wasomaji watakaosema, "Wewe una mume wa kukusikiliza. Wa kwangu hurudi usiku wa manane." Wengine ni wajane, wengine waume wako mbali kikazi, wengine wameachwa. Nawaelewa. Lakini hata sheria ya bahari haikusema ni nani hasa awe opereta wa pili. Ilisema awepo. Anaweza kuwa bibi, shangazi, mama mdogo, mjomba mwaminifu, mzazi wa ubatizo, au jirani mnayesali naye. Muhimu ni kwamba mtoto amjue mtu huyo, na mtu huyo ajue kwamba yuko zamu. Mwambie waziwazi: "Dada, mimi Jumanne na Ijumaa nachelewa sokoni. Nakuomba siku hizo umwulize mwanangu siku yake ilikwendaje." Vikundi vyetu vya akina mama vinachangiana fedha za misiba na za harusi. Kwa nini visichangiane masikio?

NYUMBA ISIWE KITUO CHA MATANGAZO

Liko jambo la pili katika historia hii. Simu ya Marconi ilikuwa ya pande mbili: huyu anatuma, yule anajibu. Utangazaji tunaoujua ulikuja baadaye, wakati mitambo ilipoweza kubeba sauti na muziki. Novemba 2, 1920, kituo cha KDKA katika mji wa Pittsburgh, Marekani, kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais. Mwezi wa Novemba 1922 BBC ilianza matangazo yake London. Watu wengi wa wakati ule walisikiliza kwa redio ndogo za kioo zisizohitaji hata betri, lakini zilizohitaji vidude vya masikioni, hata wengine nyumbani wakalazimika kungoja zamu yao.

Huku kwetu Nairobi ilipata utangazaji mwaka 1928, hasa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Matangazo ya kuwalenga Waafrika yalikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili wazazi na ndugu wa askari wapate habari za kule vitani walikokuwa watoto wao. Nikiwaza akina mama wale waliotega masikio, wakingoja kusikia mahali alipo mwana, naona kwamba redio ilileta faraja kubwa. Dar es Salaam nayo ikaanza kutangaza mwaka 1951.

Lakini angalieni tofauti. Mtangazaji husema na maelfu, wala yeye hasikii hata mmoja wao. Mama akilia mbele ya redio yake, aliye studioni hajui. Hiyo ndiyo kazi ya utangazaji, wala si kosa. Tatizo ni pale ambapo sisi wazazi tunageuka kuwa vituo vya matangazo ndani ya nyumba zetu. Saa 12 asubuhi Redio Mama inafungua: "Amkeni! Nani hajaoga? Kunywa chai upesi! Soksi ziko wapi? Salimia mwalimu! Usicheze barabarani!" Jioni matangazo yanaendelea, na Redio Baba inaongeza taarifa yake ya dakika tano kuhusu nidhamu. Watoto wanalala, kituo kinafungwa. Siku nzima hakuna ujumbe hata mmoja uliopokelewa kutoka upande wa pili.

Wale waliokaa karibu na hospitali za misheni watakumbuka simu ya upepo ya kuitia gari la wagonjwa au ndege. Ilikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, unasema. Lakini wakati umekibonyeza, husikii kitu, hata kama mwenzako anapiga kelele. Ilikubidi useme "ova," ukiachie, ndipo umsikie. Wazazi wengi tumekibonyeza kitufe hicho tangu mtoto alipozaliwa. Tuna methali nyingi za kumhimiza asikie la mkuu asije akavunjika guu. Je, la mdogo nani atalisikia?

Nampenda mzee Eli katika 1 Samweli sura ya 3. Alikuwa na mapungufu yake katika malezi, na Biblia haiyafichi. Lakini usiku ule mtoto Samweli alimwendea mara tatu kitandani. Eli alikuwa mzee na macho yake yalikuwa yamefifia. Wangapi kati yetu tungefoka mara ya pili? Eli hakufoka. Mara ya tatu akatambua kwamba jambo kubwa linatokea, akamfundisha mtoto namna ya kuitika. Nabii mkubwa wa Israeli alianza kazi yake kwa sababu mzee aliyeamshwa usingizini hakumfukuza.

FATAKI ANGANI

Watoto mara nyingi hawaombi msaada kwa maneno. Huwa kama meli iliyo mbali, yenye fataki tu. Mtoto mchangamfu ananyamaza ghafla. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anasingizia kuumwa tumbo kila Jumatatu. Anakataa katakata kutumwa nyumba fulani, au hataki kubaki na mtu fulani. Fedha ndogo zinapotea. Maksi zinashuka bila sababu.

Ukiona moja ya hayo, usijiambie kama walivyojiambia baharini kwamba labda si kitu. Uliza kwa upole, mkiwa wawili tu, wala usimkatize. Akikuambia kwamba ameumizwa au ameshikwa vibaya na mtu mzima, mwamini kwanza, kisha tafuta msaada hata kama mtu huyo anaheshimika. Nanyi akina baba mnaosoma gazeti hili pembeni mwa wake zenu, ninyi ndio mara nyingi mnaoziona fataki hizo kabla yetu, kwa kuwa hamkulemewa na moshi wa jikoni. Msiishie kusema, "Mtoto wako siku hizi ana nini?" Amkeni, ulizeni wenyewe.

Nawashauri pia mjaribu zile dakika za kimya. Siku hizi kila mtu nyumbani ana sauti yake: televisheni sebuleni, redio jikoni, simu mkononi mwa kijana na mwa mama pia. Chagueni wakati mmoja kila siku, hata kama ni dakika tatu kabla ya sala ya jioni, vyote vizimwe. Mtu asitoe hotuba. Kila mmoja aseme jambo moja la siku yake, kuanzia mdogo. Asiyetaka kusema asilazimishwe, kwani maopereta nao walikaa kimya mara nyingi sana bila kusikia mtu akiita. Waliendelea kutega masikio kwa ajili ya ile siku moja.

Mwisho nasema nawe, mama uliyechoka. Unapolala usiku huu, mkabidhi mwenzako zamu yake, kisha lala bila kujihukumu. Zaburi ya 121 inatukumbusha kwamba Mlinzi wetu hasinzii. Ni yeye peke yake asiyehitaji kupokewa. Sisi wengine wote tunahitaji mtu wa kutuambia, "Pumzika, sasa nasikiliza mimi." Bwana akupe mtu wa namna hiyo, nawe uwe mtu wa namna hiyo kwa jirani yako.